Kipande cha Nestori

Jumamosi moja ya mwaka 1996, saa nane mchana, Yotham alifungua klabu ya wafanyakazi wa reli Mpanda kama alivyoifungua kwa miaka tisa. Alifuta vumbi kwenye ubao wa drafti, akapanga vizibo vya soda vilivyokuwa kete, kisha akaweka daftari la mahudhurio mlangoni. Yeye ndiye aliyekuwa katibu.

Wanachama walio hai walifika kwanza. Waliokufa walifika saa tisa, kwa kuwa makaburini ni mbali na wao hawana haraka. Kila mmoja alitoa kadi ya uanachama kwenye mfuko wa shati, pale mkewe alipoitia siku ya mazishi, akasaini. Tangu watu waanze kupunguzwa kazini, marehemu ndio waliokuwa wengi. Bila wao timu ya mpira wa wavu isingetimia.

Vibarua hawakuruhusiwa kuingia. Walitazama drafti kutoka nje, dirishani. Hodari wao alikuwa Nestori, aliyebeba mataruma, vile vyuma vizito vya kulazia reli, miaka kumi na moja huku akiahidiwa ajira ya kudumu. Alimwelekeza hata Gaspar, dereva wa treni aliyefariki zamani, na Gaspar akawa anashinda. Nestori alitaka kitu kimoja tu: kukaa kwenye kiti cha mchezaji mbele ya ubao, acheze mwenyewe. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Mwezi uliotangulia taruma lilimwangukia kifuani, akafa.

Mkewe, Séverine, hakuwa na kadi ya kumtilia. Alimtilia kipande, ile karatasi ya kibarua ambayo nyapara huweka alama kila siku ya kazi.

Basi Jumamosi hiyo Nestori alikuja na marehemu wenzake, shati limepigwa pasi. Mlangoni akatoa kipande.

"Hiki ni kipande, kaka," Yotham alisema. "Sio kadi."

"Mke wangu alijua kitatosha. Si wafu mnawaingiza?"

"Tunaingiza wanachama."

"Kwa hiyo hata nimekufa, bado kibarua?"

Yotham alichukua katiba ya klabu akaisoma yote kutafuta pa kumwingizia, maana alimpenda Nestori. Akaifunga.

"Bado, kaka. Nimewaandikia wakubwa. Wanasema suala lako linashughulikiwa."

"Ndivyo walivyosema nikiwa hai."

"Ndivyo."

Nestori alizunguka nyumba mpaka dirishani. Vibarua walio hai wakasogea kumpisha.

Wiki iliyofuata Séverine alileta kigoda, akakiweka chini ya dirisha. Alimwambia mumewe akae, amesimama vya kutosha. Nestori akakaa. Kutoka pale chini hakuuona ubao, aliona ukuta tu. Akanyanyuka, akaegemea dirisha, akamwambia Gaspar asogeze kete ya kushoto.