Herufi ya Kuosha

Mume wangu Joachim alikuwa adui wa kamera. Ukimwelekezea, anakupa kisogo. Mwanamume mzima, loh! Ndiyo maana alipofia hapa Guangzhou, tukamzika hapahapa, mama yake kule Moshi aliniomba kitu kimoja tu kwenye simu: "Albina, niletee uso wake wa utu uzima. Huu wa picha ya kipaimara ni wa mtoto."

Uso huo ulikuwepo, tena mmoja tu duniani. Ulrike, msanii wa Kijerumani, jirani yetu pale soko la nguo la Shahe, alimvizia Joachim akicheka juu ya marobota ya nguo. Sanaa ya yule mzungu ni ya ajabu, jamani! Kamera inatema picha ikiwa mbichi, anaibandua, anaigandamiza kwenye kitambaa cha pamba, anapitisha rola kama anayesukuma chapati. Rangi zote zinahamia kitambaani, kingo zikichuruzika, na ile karatasi haifai tena.

"Hii hairudiwi," aliniambia akinipa. Kwake huo ndio uzuri.

Mimi nilitaka nakala, mawifi nao wapate. Kichina changu ni cha kuuliza bei na kukataliwa, na kusoma najua herufi moja tu: "xi", ya kuosha. Wachina nao, kama sisi, picha wanaziosha. Duka tulilozoea kuoshea picha za bidhaa nikalikuta limefungwa. Mbele kidogo nikaiona herufi ileile mlangoni. Kuuliza si ujinga, lakini mimi sikuuliza. Nikaingia kifua mbele, nikampa mama mwenye duka kitambaa.

"Bosi, xi! Xi vizuri!"

Akazitazama zile kingo, akatikisa kichwa kwa huruma, akaitikia.

Kumbe ni dobi.

Jioni akanikabidhi kitambaa kimepigwa pasi, cheupe pe, naye anatabasamu. Nilipiga ukunga watu wakatoka madukani. Nilitaka kumrarua yule mama, lakini kwa kosa gani? Alifanya nilichomwambia. Nikakaa chini palepale nikalia kuliko siku ya maziko.

Jumapili nilimpigia mama mkwe nikiwa nimejikaza kumwambia. Hakunipa nafasi.

"Mwanangu, picha umeosha?"

"Nimeosha, mama."

"Bwana asifiwe!" Nikamsikia akiwaita watu ndani ya nyumba, akicheka na kulia. "Fremu iko tayari. Niambie basi, anafananaje?"

"Alikuwa anacheka, mama," nikasema.