Nilivyomsema Dubu Redioni

"Rudia," mjomba aliniambia, sauti imeshapanda. "Rudia hapa mbele ya mama yangu ulichokisema redioni."

"Si umesikia mwenyewe?"

"Nimesikia mimi, kasikia mchungaji, kasikia kijiji kizima. Nataka na yeye asikie kutoka mdomoni mwako."

Huyo wa kusikia, bibi yangu Qaapik, alikuwa amekaa sakafuni kwenye kadibodi, miguu kainyoosha mbele, anakata samaki mbichi aliyeganda kama kuni. Hakuinua kichwa. Redio kwake haizimwi, kwa hiyo alishasikia zamani.

"Nilisema wageni wasiwe na wasiwasi," nikasema.

"Endelea."

"Nikasema nikiwa mbele mimi, dubu hatasogea. Akijaribu nitamvua lile koti lake jeupe, arudi kwao na fulana."

Mjomba Inusiq akapiga meza, chai ikamwagika. "Fulana. Mama, unasikia? Dubu arudi na fulana."

"Ulikuwa utani, mjomba. Hata mtangazaji alicheka."

"Na dubu alicheka?"

Kwetu huku kaskazini unaweza kumsema mwenyekiti wa kijiji, unaweza kumsema hata mchungaji, Jumapili akakusamehe. Dubu humsemi. Anasikia, uwe ndani, uwe redioni. Nalijua hilo tangu sijaota meno, ndiyo maana nilipokuwa naweka simu chini nilishajua nimekosea. Lakini kukubali mbele ya mjomba? Thubutu.

Na wageni walikuwa wanasubiri ufukweni, wanne, wametoka kusini kwa ndege tatu, wanawapiga picha mbwa wa watu. Walitaka kufika ukingoni, kule barafu inapokatika na bahari nyeusi inaanza, nyangumi wenye pembe wanapumua karibu mpaka unanusa pumzi yao. Miaka ishirini na mbili mjomba ndiye amekuwa akiwapeleka watu kule. Mwaka huu mwezi wa tatu akapasuliwa goti. Basi mimi, niliyemaliza shule mwaka jana na tangu hapo nazunguka kijijini kama mbwa aliyekata kamba, ndiye nilikuwa naenda mbele kwa mara ya kwanza. Wiki nzima nimekaza kamba za sleji, ule mkokoteni wetu usio na magurudumu. Injini ya pikipiki ya theluji nimeifungua na kuifunga mara mbili. Siku tatu nimeenda peke yangu kupima barafu kwa chusa, hatua kwa hatua, mpaka viganja vikaota sugu. Sikuwa nimewahi kutaka kitu namna ile.

"Huendi," mjomba akasema. "Nitawapeleka mimi."

"Na goti hilo? Kwenda chooni tu unashika ukuta."

"Nitakaa juu ya sleji."

"Kama mzigo."

"Kama mzigo. Mzigo haumtukani dubu."

Bibi akacheka puani. "Inusiq, unamfokea babu yako."

Hiyo ndiyo shida ya nyumba yetu. Mimi ni Kanayuk, na Kanayuk alikuwa baba yake bibi. Nilizaliwa wiki tatu baada ya yeye kufa, jina likanikuta, na kwetu anayepewa jina ndiye mwenyewe karudi. Kwa hiyo bibi ananiita baba, na mjomba, na mvi zake zote, ananiita babu. Nilipokuwa na miaka sita nilikuwa namtuma bibi peremende dukani, na analeta. Siku hiyo mjomba alikuwa amejikaza vizuri tu, hajaniita babu hata mara moja. Sasa ikabidi.

"Babu," akasema, kwa taabu kweli, "umetuaibisha."

"Nisamehe, mjukuu wangu."

Nilidhani atacheka. Hakucheka. Aliinuka, goti likalia kama tawi kavu, akaanza kutafuta buti zake.

"Baba," bibi akaniita, "njoo ule."

Nikakaa. Akanikatia kipande cha tumboni, chenye mafuta.

"Ulipokuwa mzee," akasema, "pwani hii yote hakukuwa na mtu wa kukufikia kwa kuwinda dubu. Ukirudi, watu wakikuuliza umepata nini, ulikuwa unajibu nini?"

"Sijui, bibi. Nilikuwa sijazaliwa."

"Ulikuwa unasema kuna kitu kidogo kwenye sleji, mtu akaangalie, labda ni mbweha. Wakitoka wanakuta dubu, kichwa kinaburuta chini. Wewe uko ndani unakunywa chai, kama si wewe. Ulikuwa na maringo wewe, baba. Sijaona mtu mwenye maringo kama wewe. Ila hukuwahi kuyatoa mdomoni."

Nikatafuna. Samaki akachukua muda kushuka. Halafu nikavuta simu, nikapiga redioni. Akapokea Uvinik, mtangazaji yuleyule.

"Dubu umemmaliza," akasema. "Sasa unataka nyangumi?"

"Niweke hewani."

Sauti yangu ikatokea kwenye redio ya bibi, imechelewa kidogo, kama mtu mwingine ananifuata nyuma.

"Mimi Kanayuk, wa nyumba ya Inusiq. Asubuhi nilisema maneno. Ukweli ni kwamba mimi sijui kuwinda. Nimeua sili wachache, na mmoja alikuwa amelala. Nawapeleka wageni ukingoni siku nne, na mkubwa wa kule si mimi. Akipita nitampisha. Koti lake ni lake."

Uvinik hakucheka. "Tumekusikia," akasema, na akapokea simu nyingine. Alikuwa mzee mmoja wa ng'ambo ya uwanja wa ndege: "Nathibitisha. Hata huyo aliyelala, kijana alikohoa akamwamsha. Nilikuwepo." Nikawasikia jirani zetu wanacheka, sauti inapenya ukutani.

Mjomba alikuwa amesimama, buti moja mguuni, nyingine mkononi.

"Ule ufa wa barafu kule kisiwani?" akauliza.

"Umefunguka. Naufuata mpaka kwenye mwamba mwekundu, navukia pale. Naongeza saa mbili."

"Wageni watalalamika."

"Walalamike wakiwa wakavu."

"Upepo ukigeuka, ukatoka nchi kavu?"

"Tunang'oa kambi hata kama chungu kiko jikoni, kabla barafu haijakatika ikaenda na sisi baharini."

Akaniangalia. Akakaa, akavua ile buti moja, kisha akatoa ufunguo wa kabati la bunduki shingoni mwake na kunipa.

"Nenda, babu. Watu wanapoa huko nje."

Nikachukua bunduki, nikafunga koti mpaka kidevuni. Bibi alishashika simu yake, anamwambia shoga yake wa nyumba ya tatu: "Baba yangu? Hapana, anatoka kidogo tu. Anakwenda kunyoosha miguu." Na jinsi alivyokuwa ameketi, mgongo umenyooka kama wa msichana.

Kifua kilikuwa kinataka kupasuka kwa maringo. Usoni nikajifanya mtu anayekwenda kuchukua barafu ya kuyeyusha kwa chai. Nikatoka, nikafunga mlango.