Swali Nililomrudishia Mwalimu Bazilio

Mrija wangu ulikuwa bado mkavu. Wageni wenzangu walikuwa wameinama kukizunguka chungu cha pombe ya mtama, uani kwa Mwalimu Bazilio, wakinyonya na kutaniana, huku wakinitazama kwa kuibia. Kwetu Kibondo, ukinywa chungu kimoja na mtu umekiri kwamba huna kinyongo naye. Mimi kinyongo nilikuwa nacho, tena nimekilea miaka ishirini na miwili.

Nilikuwa kidato cha pili. Niliokota kipande cha gazeti kilichofungia vitumbua, chenye picha ya kishada cha nyota: nyota kongwe laki kadhaa, zimesongamana duara kama nyuki mzingani. Darasani nikasimama, mikono nyuma, nikauliza zilikusanywa na nini.

"Kaa chini, Vestina," alisema Mwalimu Bazilio. "Kawaulize wenzako huko Burundi mlikotoka."

Darasa zima liliangua kicheko. Wazazi wangu walikuwa wakimbizi. Mimi nimezaliwa Kasulu, Tanzania hii hii, nikakulia Kibondo. Tangu siku hiyo sikuuliza swali tena, lakini nilisoma. Nilisoma kwa hasira mpaka nikapata shahada ya uzamivu, na ni vishada hivyo hivyo nilivyochagua kuvichunguza, makusudi.

Sasa alikuwa anastaafu, akanialika kwenye sherehe ya kuagwa. Nikaja na swali langu.

"Mwalimu," nilisema, kwa sauti ya kusikika hadi jikoni, "vile vishada vya nyota hutokeaje?"

Mzee akashika goti, akainuka taratibu mpaka akasimama wima, mikono nyuma.

"Sijui, mwanangu. Hata siku ile sikujua, nikaona haya kusema. Nilikukosea." Akatoa kalamu na kidaftari mfukoni. "Nifundishe."

Jibu la kweli lilikuwa fupi. Baadhi vilizaliwa humu humu katika galaksi yetu, vingine vililetwa na galaksi ndogo zilizomezwa. Lakini vya kwanza kabisa vilijikusanyaje, hakuna anayejua kwa hakika. Hata mimi sijui. Jibu hilo lilinifika mdomoni, nikalimeza.

"Kaa chini," nilimwambia.

Nilingoja kicheko. Hakuna aliyecheka. Mwalimu aliketi kwa shida, akafungua kidaftari juu ya goti, akaendelea kunitazama, kalamu mkononi, akingoja somo.