Beringi Iliyoingia kwa Kidole

Nilimwambia kaka tukiwa bado mlangoni mwa duka la vifaa: leo sitaki ubishi. Mama yetu alikuwa na bega lililofungwa kitambaa kwa sababu ya shafti, ule mhimili wa chuma unaozungusha mashine, aliyoikereza kaka mwenyewe. Ilitoka nyembamba kidogo tu, beringi, ile pete ya chuma inayovishwa shafti, ikacheza juu yake, mkanda wa mashine ya kusaga ukachomoka ukampiga mama. Na bado mama alikuwa ameapa kwamba leo mashine itawaka, bega lipone lisipone.

Kaka si mkerezaji wa kila siku. Hukereza pale tu kitu cha mashine kinapoharibika, kwenye mtambo wa kukereza aliotuachia baba katika chumba cha nyuma. Kalipa yetu, kile kipimo cha chuma chenye taya, alikuwa anafungulia makopo ya rangi mpaka taya zikapinda. Ukimwambia, anakujibu kwamba ameshaizoea. Mtu anazoea kipimo cha uongo, jamani. Ndiyo maana nilimfuata dukani.

"Hii hapa," akasema, akinyanyua ile yenye kioo cha namba, ya bei mbaya. "Kizuri chajiuza."

"Na betri yake inaisha hata ikiwa imezimwa. Wewe utaigusa baada ya miezi, utaikuta imekufa, halafu utakadiria kwa macho. Mama ana mabega mangapi?"

Akairudisha bila kunitazama. Nikaomba nioneshwe za bei nafuu, nikatoa mkobani beringi mpya ya mashine yetu. Tundu la beringi mpya hukatwa kwa kipimo chake hasa, kwa hiyo ni shahidi mzuri. Kalipa ya kwanza nilifunga taya nikaiinua kwenye mwanga, na mwanga ukapita katikati. Ya pili ilifunga vizuri, lakini kila nikipima tundu lile lile inasema jipya, kigeugeu mtupu. Ya tatu haikuwa na betri wala urembo, unasoma mistari yake kwa macho yako. Ikasema milimita ishirini na tano, sawasawa na beringi. Nikapima tena, ikarudia neno lake.

"Dada, unanunua kalipa au unachagua mkwe?" mwenye duka akauliza.

"Mkwe ningemwonea huruma."

Kaka akacheka. Mimi pia nilicheka, nikalipia ile ya tatu.

Tuliporudi, wateja walikuwa wamejaa barazani na magunia yao, na mama anazunguka kati yao kwa mkono mmoja. Kaka akajifungia chumba cha nyuma kukereza shafti mpya. Nikaenda kumbembeleza mama ameze dawa, kazi ambayo ni heri kubembeleza punda. Niliporudi, shafti ilikuwa imeshafungwa kwenye mashine na beringi imo.

"Ishirini na tano kamili," kaka akasema, uso unang'aa. "Beringi imeingia kwa kidole. Hata nyundo sikushika."

Beringi ya mashine ile huingia kwa kugongwa. Inayoingia kwa kidole itacheza, na ikicheza tumerudi kule kule.

"Kalipa iko wapi?"

Akanipa. Nikafungua taya nikazitazama kwa karibu: zilikuwa nyeupe. Kwetu unga umo kwenye nyusi, umo masikioni, umo kwenye chai. Tumeishi nao mpaka hatuuoni. Kaka alijifuta mikono kwenye aproni iliyojaa unga, akashika kalipa, akapima chuma na unga pamoja. Nikazifuta taya kwa upindo wa gauni langu, nikaipima shafti pale palipobaki wazi kando ya beringi. Ilikuwa imepungua kwa unene wa unywele.

Mama alikuwa tayari kwenye swichi.

"Usiwashe, mama."

"Watu wanasubiri."

Nikasimama kati yake na swichi. Sijawahi kumzuia mama kitu. "Kaka, hebu vuta hiyo beringi."

"Unaniumbua mbele za watu," akasema kwa sauti ya chini.

"Vuta."

Akaivuta kwa vidole viwili, ikamfuata. Akabaki ameishika. Mama akaitazama beringi, akamtazama mwanawe.

"Tengeneza nyingine," akasema. "Na ukimaliza utawasha wewe. Utasimama hapa hapa nilipokuwa nimesimama mimi."

Safari hii kaka alinawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko. Alifuta taya kila alipopima, kisha ananipa mimi nipime, na kila nikisema namba anauliza kama nina hakika. Beringi ilikataa kuingia kwa mkono. Akaweka kipande cha bomba juu yake akagonga, akagonga tena, mpaka ikakaa. Nilipumua.

Akaenda kusimama pale alipoambiwa. Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni. Alipoinua mkono kushika swichi, mama akaja na kumsukuma kwa bega lake zima.

"Toka hapo. Una watoto wadogo."

"Mama, wewe mwenyewe ulisema..."

"Nimesema toka."

Hakutoka. Alisogea tu kidogo, akabaki ubavuni mwake. Nami nikaenda upande wa pili, upande wa bega bovu. Mama akatuambia sisi ni watoto wasiosikia. Halafu akawasha.

Mashine ikashika mwendo. Mkanda ukazunguka umetulia, unga ukaanza kushuka. Nikamgeukia mama nimwambie tumeshinda, nikakuta amemng'ang'ania kaka mkono na analia kwa sauti, mngurumo umemfunika. Tangu asubuhi alikuwa anaogopa kuliko sisi sote.