Pamba Iliyopikwa

Pamba ya Véronique haikuota kwa sababu aliipika. Alichemsha mbegu katika chungu cha mihogo, akazianika, kisha akampa mumewe André akapande. Mwaka mzima pamba ya amri ya serikali ilikuwa imekula nguvu zao, huku mpunga ukimezwa na magugu. Alidhani serikali ikiona mbegu zimekataa udongo, itawaacha walime chakula.

Serikali haikuona hivyo. Monitere, msimamizi wa pamba, alifukua mbegu moja, akaipasua kwa ukucha, akamfunga André kamba na kumpeleka bomani Kabambare.

Véronique aliwafuata kwa miguu kutoka kijijini Lusangi. Tangu apigwe fimbo mwaka uliopita, André alikuwa akikohoa damu. Safari hii zingemuua.

Mbele ya Mzungu wa teritware, mtawala wa eneo lile, hakungoja kuitwa.

"Bwana, mbegu nilipika mimi. Bwana yangu hajui kitu."

Karani Roger akatafsiri. Mzungu akauliza iwapo mtu anaweza kupanda bila kuangalia anachopanda.

"Kwetu mbegu iko mambo ya mwanamuke," Véronique akasema. "Mwanaume anapewa kikapu, anapanda. Akichungulia ndani, watu wanamucheka."

Mzungu alikuwa mtu wa kitabu cha sheria, na kitabu chake kilitaka kosa liwe na mambo mawili: mkono uliotenda na moyo uliokusudia. Hapa mkono ulikuwa wa huyu na moyo wa yule. Aliyepanda hakujua, na aliyejua hakupanda. Roger alitafsiri hayo yote kwa uso mkavu, kama anayetangaza bei ya chumvi.

"Mwanamume aende zake," Mzungu akaamua. "Mwanamke atakaa gerezani mpaka nimpatie kosa lake."

Véronique akashukuru kwa moyo wote. Wanawake hawakupigwa fimbo, hilo alilijua kabla hajatoka nyumbani. Gerezani angefagia tu, na kufagia alikuwa akifagia hata kwake.

Ndipo André akakohoa na kusogea mbele.

"Nyamaza, Baba Louise," mkewe akamwambia.

"Bwana, nilijua," André akasema. "Mbegu ilikuwa inanuka muhogo. Mutu wa kulima atakosa kujua namna gani? Nilijua, na nilipanda. Mama Louise muache arudi kwa watoto."

Mzungu akashusha pumzi kwa raha. Mkono na moyo vilikuwa vimekutana katika mtu mmoja. Mwanamke akaachiwa, maana kosa lilikuwa limeshapata mwenyewe.

Fimbo zilipigwa uani, mchana kweupe. Baadaye, njiani, Véronique alimtukana mumewe kwa Kibangubangu, kwani Kiswahili hakikumtosha. Mpumbavu! Kichwa cha mbuzi! Nani alimtuma awe mwerevu leo? André alitembea ameinama, amemwegemea begani.

Walipofika mtoni akakohoa, akakohoa tena, na Véronique akaacha kutukana. Alimpenda sana mtu huyu, na hakujua kama atamfikisha nyumbani.