Kioo Kilichofunikwa

Nilifika Kabambare kutoka Kasongo nikiwa na matope hadi magotini, na kabla sijanawa, Dorothée alinishika mkono. "Dada Cadette, leo wananifukuza."

Mume wake, Christophe, alizikwa siku nne kabla. Akiwa mgonjwa alijirekodi kwenye kompyuta, akisema nyumba ni ya Dorothée na watoto wao wawili. Sasa kompyuta ilikuwa haionyeshi kitu, na mimi ndiye fundi. Sebuleni walikaa wajomba watatu na Nestor, kaka mkubwa wa marehemu. Saa sita wangemaliza kilio, na kwa desturi yao, bila maneno ya marehemu, nyumba ingekuwa ya Nestor.

"Kama maneno ya ndugu yangu iko, tuisikie mbele ya saa sita," aliniambia.

Ilikuwa saa tano na nusu. Kompyuta ilivuma, taa zake zikawaka, kioo cheusi tii. Nilibonyeza vitufe vya mwanga. Nikamulika kioo kwa tochi ya simu, maana mara nyingine picha ipo, ni taa ya nyuma tu imekufa. Hakuna hata kivuli. Nestor akakohoa. Kikohozi kile kilinichoma, nusura nimrushie bisibisi.

Ndipo nikaona waya. Ulitoka ubavuni mwa kompyuta, ukapanda ukutani, ukaingia chini ya kitambaa cheusi. Katika familia ile, nyumba ikiwa na msiba, televisheni hufunikwa. Taa yake ndogo ya kijani ilionekana kwa mbali kupitia kitambaa. Nilijiona mjinga kabisa. Kioo cha kompyuta kilikufa zamani, na Christophe alikuwa akitazama kila kitu kwenye televisheni.

"Picha iko pale," nikasema. "Mutoe kitambaa."

"Hapana," Nestor akajibu. "Mukubwa wa familia ndiye anaitoa, kilio ikishaisha."

Yaani nyumba ikishakuwa yake! Dorothée aliinuka, mkono mbele. Wajomba wakapiga kelele: mjane akikigusa, anatoka leo leo, bila hata sufuria. Akakaa tena.

Nilimwinamia. "Dorothée, hii kompyuta mulizima?"

"Hapana, nilifunga tu kifuniko."

Basi ilikuwa imelala, haikuzimwa. "Mwisho alikuwa anaangalia nini?"

"Sura yake mwenyewe. Aliisimamisha, akaniita tuangalie pamoja. Nikamuambia angoje, mboga ya sombe iko ku moto." Akaanza kulia.

Walikataza kitambaa. Hakuna aliyekataza vitufe. Niliweka kidole kwenye kile kirefu cha chini, kinachoendeleza picha iliyosimamishwa, nikabonyeza.

Kisha chini ya kitambaa, ndani ya televisheni, kiti kililia, na mtu akavuta pumzi kwa shida.

"Yaya Nestor. Uko hapo?" Ilikuwa sauti ya Christophe, akimwita kaka yake mkubwa kama alivyozoea.

"Niko," Nestor akajibu, kabla hajajua anamjibu nani.

Nestor alisimama. Kwa saa ya ukutani zilibaki dakika saba kufika saa sita. Akakishika kitambaa kwa mikono miwili, akakivuta mwenyewe.