Birika la Paa

Nasriya alikuwa amechoka, na uchovu wenyewe haukuwa wa mikono tu. Tangu mumewe Marhoon aanze mambo yake ya kuwangoja paa wa nyikani, kila asubuhi alichota maji kisimani hapo kijijini Bustan, akapanda nayo mpaka kwenye kiwanja chao kidogo penye mdomo wa wadi, bonde kavu la mawe, akalijaza birika la kunyweshea wanyama. Kiwanja kilikuwa urithi wa babu yake Marhoon, na tuseme kweli, hakikuwa na cha kurithiwa.

Marhoon alikuwa msasi wa kutajika Unguja. Huku Maskati walikohamia akawa mtu wa kukaa barazani. Basi akajitafutia kazi: akapanda mikunazi, akaizungushia miiba ili mbuzi wa jirani wasiitafune, akaweka jiwe la chumvi la kulambwa na paa, akajenga birika la mawe na chokaa. Paa watarudi, alisema, na wakirudi atawinda kwake mwenyewe. Majirani walimcheka, wakamwambia paa wa huku hukata kiu kwa majani na umande. Alichojibu ni kuongeza mikunazi.

Asilolijua ni kwamba mkewe naye alikuwa na lake. Mtoto wao wa pekee, Bakhit, aliuawa Unguja mwaka wa sitini na nne, na tangu hapo Marhoon hakulitaja jina lile wala hakutaka litajwe. Mama afanye nini? Kila ndoo aliyoimimina aliinuia sadaka: anywe ndege, anywe nyuki, anywe paa, thawabu zimfikie Bakhit. Leo kiumbe aje kunywa sadaka ya mwanawe, auawe palepale? Moyo ulikataa. Ilimpasa amwambie mumewe, na kumwambia ni kulitaja jina. Akawa anaahirisha tu.

Kiangazi kimoja ukame ulizidi, na paa akaja. Mume na mke walikuwa wamejibanza nyuma ya miiba, asubuhi jua halijapanda, na dume lile likateremka mawe kwa mawe mpaka kwenye birika. Marhoon akainua bunduki.

"Bwana, nna jambo," Nasriya alinong'ona.

"Baadaye."

Akafungua kinywa aseme ni maji ya nani. Jina likamkwama. Bunduki ikalia.

Marhoon alikimbia na kisu kama kijana, akachinja, akarudi na paa mabegani huku anacheka. Nasriya hakuwa amemwona hivyo tangu Unguja. Alimkasirikia, akajikasirikia zaidi mwenyewe, kisha akapika, maana nyama ilikuwa imeshafika jikoni.

Adhuhuri walikaa kwenye sinia. Nasriya alikuwa akisogeza minofu upande wa mumewe. Marhoon alikula kwa hamu mpaka alipofikia ini. Akalishika, akalitazama, akalirudisha ukingoni mwa sinia.

"Ini Bakhit alikuwa hamwachii mtu," alisema.

Miaka yote Nasriya alikuwa akilisubiri jina lile kwenye kinywa kile, na sasa limekuja juu ya nyama hii.

"Hata wewe babake," alijibu. "Alikuwa akilichomoa chunguni halijaiva."

Marhoon akacheka, kicheko kikamgeukia, machozi yakamwagika ndevuni. Akaanza kusimulia mengine ya mwanawe, moja likaleta jingine, mkono wake ukiendelea kumega wali bila yeye kujua. Habari ya maji Nasriya hakumwambia. Angemwambia vipi, na mtu anakula huku analia?